Wale Vijana wa Sum 41 Walipokwama Bukavu, na Wimbo Unaosema Lawama ni Yetu Sote

Kuna albamu ya mwaka 2004 inaitwa Chuck, ya bendi ya Sum 41 kutoka Ajax, Ontario, kule Kanada, na watu wengi ninaowajua wanaosikiliza pop-punk, yaani punk iliyochanganywa na pop, huku kwetu wanaijua kwa nyimbo mbili tu, We're All to Blame na Pieces, wanaziimba mpaka koo linakauka, ila ukiwauliza Chuck ni nani wanakwambia labda mshkaji wao wa shule au jina tu liliwapendeza. Chuck ni mtu kweli. Na hao jamaa walikuwa naye Bukavu, Bukavu hii hii ya Kivu Kusini kule Kongo, mji ambao ukienda soko la Kadutu mama anakuuzia sombe, yaani kisamvu chetu, na bei anakutajia kwa Kiswahili.

Mimi albamu yenyewe niliipata 2005 kwenye CD ya kuchoma, binamu yangu alirudi nayo likizo kutoka shule ya bweni Arusha, imeandikwa tu kwa kalamu nyeusi "SUM 41 MPYA", haina kava wala majina ya nyimbo. Tukaiweka kwenye redio ya sebuleni. Wimbo wa tatu ukaanza, magita yanakimbia, drami zinagonga kama mabati kwenye upepo, jamaa anapiga kelele tupu, alafu ghafla kila kitu kinashuka, mwendo unakuwa wa polepole na anaimba kwa sauti laini kabisa, na mama alikuwa anapita kwenda jikoni akasema, "Angalau hapo wametulia." Ndo We're All to Blame hiyo. Sehemu aliyosema wametulia ndo kiitikio, na ndo penyewe anaposema lawama ni yetu sote, tumevuka mipaka, fahari imegeuka aibu. Nilichukua miaka kuelewa kwamba sehemu tulivu ya ule wimbo ndo yenye neno zito.

Ili uone uzito wa hii habari inabidi ukumbuke hawa walikuwa akina nani kabla ya 2004. Walianza 1996 wakiwa wanafunzi, na hata jina la bendi linatokana na siku ya 41 ya likizo yao ya kiangazi. Mwaka 2001 wakatoa All Killer No Filler, na Fat Lip ikashika namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa roki wa kisasa, wimbo wa vijana waliochoka kuambiwa la kufanya. Video ya In Too Deep ni mashindano ya kupiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea, wamevaa chupi za kuogelea wanarukaruka, full utani. Huo ndo ulikuwa ulimwengu wao na wa pop-punk nzima kipindi kile: skateboard, kuachwa na demu, kuchukia mji mdogo uliozaliwa. Hakuna aliyetegemea miaka mitatu baadaye watu hao hao wawe wamejibanza hotelini kando ya ziwa Kivu wakisikiliza mabomu.

Sasa twende Bukavu, maana hapa ndo wasimuliaji wengi wa hii hadithi wanaruka, wanasema "walienda Afrika, vita ikazuka" basi, utafikiri vita inazuka kama mvua. Haikuzuka. Mwaka 2003 vita kubwa ya Kongo ilikuwa imeisha kwenye karatasi, serikali ya mpito ikaundwa Kinshasa, na waasi wa jana wakatakiwa wawe makamanda ndani ya jeshi moja na watu waliokuwa wanapigana nao. RCD-Goma, waliotawala Kivu kwa miaka wakiungwa mkono na Rwanda, ndo walikuwa wagumu zaidi kumeza hilo. Kanali Jules Mutebusi, mtu wa RCD, alikuwa naibu kamanda wa jeshi pale Bukavu, akagombana na mkuu wake wa wakati ule, Jenerali Prosper Nabyolwa, akasimamishwa, na tarehe 26 Mei 2004 risasi zikaanza kulia mjini kati ya watu wake na wanajeshi wa Kinshasa. Laurent Nkunda, mtu mwingine wa RCD, akashuka na wapiganaji wake kutoka Kivu Kaskazini, akisema anakuja kuwaokoa Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, wasiuawe, na tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwao kwa karibu wiki nzima. Wachunguzi wa haki za binadamu waliandika yaliyotokea: wanajeshi wa serikali waliua raia wa Kinyamulenge siku za mwanzo, alafu watu wa Nkunda na Mutebusi wakapita nyumba kwa nyumba wakipora na kubaka wanawake na watoto wa kike. Maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakakimbilia Cyangugu, upande wa Rwanda.

Katikati ya hayo ndo walikuwepo vijana wanne wa miaka 22 mpaka 24. Walikuwa wameletwa na War Child Canada, shirika linaloshughulika na watoto kwenye nchi za vita, watengeneze filamu ya kuwaonyesha mashabiki wao vita inamfanya nini mtoto. Na Kongo ilikuwa na neno lake kwa hilo. Kadogo. Neno la Kiswahili kabisa, kitu kidogo, tena la kubembeleza, ndo jina walilopewa watoto wenye bunduki waliotembea na jeshi la waasi la Laurent Kabila kuanzia 1996 mpaka Kinshasa. Mimi kila nikilisikia hilo neno kwa maana hiyo huwa nasimama kidogo, kwa sababu bibi yangu alikuwa anawaita hivyo wajukuu wake.

Mapigano yakafika karibu na hoteli yao. Ndani ya hoteli alikuwepo Mkanada mwingine, Charles Pelletier, anaitwa Chuck, mtu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa. Baada ya kama saa 6 za milipuko aliona hapakaliki, akaita magari ya deraya ya walinda amani waje kuwatoa, na magari yalichukua karibu saa 20 kufika. Hebu fikiria saa 20 za kulala chini na kusikiliza. Wakatolewa salama, wao na raia wengine kama 40 waliokuwa pale. Kama shukrani, albamu iliyotoka tarehe 12 Oktoba 2004 wakaipa jina la huyo mzee. Ikaingia kumi bora za Marekani, mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Juno ya albamu bora ya roki kwao Kanada, na ile filamu ikatoka 2005 ikiitwa Rocked: Sum 41 in Congo.

Kuanzia hapo hadithi ikapata umbo ambalo limedumu mpaka leo: watoto wa utani walienda Kongo, wakakiona kifo, wakarudi wakubwa, ndo maana muziki ukawa mzito na ndo maana wakaimba lawama ni yetu sote. Ni hadithi tamu na rahisi kusimulia. Mimi nasema sehemu kubwa ya hiyo siyo kweli, na nalisema hili nikiwa naipenda hii albamu kuliko zote walizowahi kutoa.

Kwanza muziki. Uzito haukuanzia Bukavu. Sikiliza albamu yao ya 2002, Does This Look Infected?, sikiliza Still Waiting, ule tayari ni wimbo wa hasira juu ya dunia inayopenda vita, na magita ya Dave Baksh, mpiga gita wao, tayari yanavuta kwenye metali, huyu jamaa alikuwa mtu wa metali tangu zamani na 2006 aliondoka kabisa kwenye bendi akaenda kufanya metali yake mpaka aliporudi 2015. Pia kumbuka mwaka wenyewe, 2004 vita ya Iraki inaendelea, uchaguzi wa Marekani unakuja, Green Day wametoa American Idiot wiki tatu tu kabla ya Chuck. Pop-punk nzima ilikuwa inageuza shingo kuangalia siasa. Sum 41 wangetoa albamu nzito mwaka ule hata kama wasingepanda ndege kwenda Kivu.

Alafu maneno. Pitia We're All to Blame mstari kwa mstari hutakutana na Kongo, hutakutana na Kivu, wala ziwa, wala mtoto mwenye bunduki. Unaongelea woga, ulafi, watu kuchukua wasichokihitaji na kutaka kila kitu bila kujinyima chochote. Wimbo ule unaweza kuwa wa Ajax, wa Houston, wa popote. Kilichoufanya uwe wa Bukavu ni jina lililoandikwa kwenye kava. Jina moja la mtu, herufi tano, likabadilisha jinsi dunia nzima inavyozisikia nyimbo zilizomo ndani. Huo ndo uchawi wa hadithi ya nyuma ya wimbo, inaingia baadaye lakini masikio yako yanaamini ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nilisikiliza ile CD isiyo na kava zaidi ya miaka mitatu bila kusikia Kongo hata chembe, na siku niliyoijua habari nikasikia risasi kwenye kila pigo la drami.

Je, ni vibaya? Hapana, na hapa natofautiana na wanaosema ule ulikuwa utalii wa vita, wazungu kwenda kupiga picha na maskini. Walikuwa na umri wa kulala mpaka saa sita mchana na kutumia hela ya tuzo, wakakubali kwenda mahali ambapo bendi za saizi yao hazikanyagi, na filamu yao iliwafikisha vijana wa Kanada na Marekani kwenye jina Bukavu, vijana ambao habari ya dunia walikuwa hawaangalii. Wameshukuru mtu aliyewaokoa, kwa jina lake, hadharani, kwenye kazi yao kubwa. Hiyo ni heshima na naiheshimu.

Kinachonichoma ni hesabu ya majina. Hadithi hii ina majina matano: wanamuziki wanne na Chuck. Mji uliokuwa unaungua haupo hata kwenye nusu ya simulizi ninazozisikia, Nkunda hayupo, Mutebusi hayupo, na watu wa Bukavu wapo kama kelele za nje ya dirisha. Alafu juu ya hadithi hiyo tunawekewa wimbo unaosema lawama ni yetu sote. Sasa kama hatuwezi hata kutaja nani alifyatua, hiyo "sote" ni akina nani? Ukigawa lawama kwa dunia nzima kila mtu anaondoka na kipande kidogo cha kutia mfukoni, na aliyebeba bunduki anaondoka na kipande kile kile sawa na cha mtoto wa shule Toronto. Ule wimbo unahitaji kusikilizwa kwa makini kuliko hapo.

Tukitaja basi tutaje. Nkunda hakuishia Bukavu, 2006 akaunda kundi lake la waasi, CNDP, akaitikisa Kivu Kaskazini mpaka alipokamatwa Rwanda Januari 2009, tarehe 23 Machi mwaka huo CNDP wakasaini makubaliano na Kinshasa, na Aprili 2012 wapiganaji waliotoka humo wakaasi tena wakajiita M23, jina lililotokana na tarehe hiyo hiyo. Ni mti mmoja, matawi tu yanabadilika. Walinda amani nao, mji ulipoanguka mbele ya macho yao 2004 watu walimwagika barabarani Kinshasa na miji mingine kwa hasira, ofisi za Umoja wa Mataifa zikashambuliwa, na mwezi ule ule Chuck ilipotoka madukani Baraza la Usalama likaongeza watu 5,900 kwenye kikosi cha Kongo.

Na mimi na wewe tumo. Wala sisemi ili tujipige kifua. Koltani, yale madini ya Kivu, inatoa tantalumu, na tantalumu ipo kwenye vile vifaa vidogo ndani ya simu unayosomea hapa, dhahabu ya Kivu kwa miaka imekuwa ikivushwa kimagendo kupitia majirani zetu mpaka Dubai, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika hilo ripoti baada ya ripoti. Bandari ya Dar ni mlango wa mizigo ya Kongo, maghala yetu, malori yetu, madereva wetu, na kuna watu wamejenga kwa hiyo biashara. Kwa hiyo kile kiitikio kinatuhusu kwa karibu kuliko kinavyomhusu kijana wa Kanada anayekiimba kwenye gari.

Kuna kaka mmoja wa Bukavu namfahamu, anakuja Kariakoo kuchukua vitenge na viatu, duka analochukulia lipo mtaa wa Kongo, na mzigo wake unapita Rusumo, unakatiza Rwanda mpaka kwao. Siku moja tumekaa juu ya marobota tunasubiri lori nikamsikilizisha We're All to Blame kwenye simu, tukagawana spika za masikioni, moja yeye moja mimi, na nikamweleza habari ya hoteli na Chuck. Akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na miaka 9 mwaka 2004, wanakaa Kadutu juu, na anakumbuka mama yake alisimamisha magodoro mawili dirishani akayafunga kwa kikwembe chake kizuri cha kwenda kanisani ili yasianguke, wakalala kwenye korido watu saba, wakala maharage baridi bila chumvi siku mbili, na redio ndogo ya betri imewekwa Radio Okapi kwa sauti ya chini kabisa, mpaka kila mmoja anaweka sikio kwa zamu. Anasema usiku mmoja walisikia magari mazito yanashuka barabarani, ya nani hawakujua, na mdogo wake akauliza kama wamekuja kuwachukua. Magari yakapita.

Alipomaliza kusikiliza wimbo hakuniambia kama ni mzuri au mbaya. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Bale bazungu balitokaka siku gani?" Alikuwa anataka kuoanisha na yale magari. Miaka yote hiyo anayabeba kichwani, na leo amepata kitu cha upande wa pili wa ule usiku, kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye wimbo wa roki wa Kanada. Tangu siku hiyo siwezi tena kuidharau ile albamu wala kuisifu kirahisi. Kumbe imebeba kumbukumbu ya mji bila hata kuimba jina lake, na kuna mtu wa ule mji anaweza kuitumia kutafuta usiku wake uliopotea. Ingekuwaje kama ile filamu ingetafsiriwa Kiswahili ikaonyeshwa Kadutu? Ingekuwaje kama mmoja wa wale raia wengine 40 angesimulia saa 20 zake? Hivi ndo vitu ninavyotaka tuvidai tunapoongelea hadithi ya nyuma ya wimbo, maana wimbo mkubwa una nyuma nyingi.

Sum 41 wamemaliza safari. Onyesho la mwisho walipiga Toronto tarehe 30 Januari 2025. Nilikuwa nafuatilia klipu za mashabiki usiku ule, uwanja mzima unaimba, watu wazima wanalia, na pale pale kwenye simu hiyo hiyo habari nyingine zinaingia, kwa sababu siku tatu kabla M23 walikuwa wameingia Goma. Nilikuwa napandisha kidole, Toronto, nashusha, Goma. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC wakakutana hapa Dar kuongelea kusitisha mapigano. Tarehe 14 M23 wakaanza kuingia Bukavu, na siku mbili baadaye mji wote ukawa wao. Kutoka onyesho la mwisho mpaka hapo ni wiki mbili na ushee.

Kaka yangu wa vitenge alikuwa Dar siku hizo, mzigo umelala ghalani, hakuna dereva anayekubali kwenda. Nilimpitia jioni Kariakoo nikamkuta amekaa juu ya robota lile lile tulilokalia siku ile, simu mkononi, anapiga haiingii, anapiga haiingii. Ikaja kuingia karibu na isha. Aliongea muda mfupi sana, akakata, akaitazama simu. Nikamuuliza wanaendeleaje.

"Mama anasema magodoro iko kwa dirisha."